Muhogo wa Nazi si Chakula cha Kuombewa Radhi

Juzi nilikaribishwa chakula cha mchana hapa Ngamiani, mjini Tanga. Mwenyeji wangu, binti aliyeolewa si zamani, akafunua sufuria: muhogo wa nazi, dagaa wa kukaanga na kachumbari ya embe mbichi. Sijanawa bado, akaniambia, "Shangazi, utusamehe, leo hatuna kitu."

Hatuna kitu! Na nazi kaikuna mwenyewe. Maneno yale yaliniuma. Angeniwekea chipsi na kuku wa friza, asingeomba radhi hata kidogo.

Sisi watu wa Tanga jiko letu linakwenda na mvua na bahari. Masika ikishika, mchicha, majani ya kunde na ya maboga yanaota mpaka uani, wakati nyanya inaadimika. Mvua zikikatika, mbaazi zinakomaa. Siku za giza, mwezi usipoonekana, wavuvi wanatoka na taa, dagaa wanajaa. Bamvua likifika, maji yakakupwa mbali, wanawake wanashuka mwambani kutafuta pweza. Ukinunua kilichojaa sokoni siku hiyo, unakipata kibichi na kwa bei ya kuongea. Ukishikilia orodha ileile Januari mpaka Desemba, utalipia uhaba.

Na upishi wenyewe ni mwepesi. Mbaazi kavu loweka usiku, asubuhi zichemshe mpaka zilainike. Tia tui jepesi, kitunguu, bizari, chumvi, na pilipili mbuzi moja nzima isipasuke. Mwisho tui zito, moto mdogo, unakoroga lisikatike. Zimeiva. Kiungo cha pakiti kinatafuta nini humo? Kinaleta chumvi tu, na ladha moja kwa kila mboga. Kisamvu ndicho kinachodai subira: kitwange vizuri na kukichemsha sana, maana majani ya muhogo yana sumu isiyotaka haraka.

Haya, nakubali, kukuna nazi kunachosha, na anayerudi kazini magharibi hana nguvu ya kukalia mbuzi ya kukunia. Nazi nayo imepanda bei. Siku hiyo tumia tui la pakiti, sitagombana na mtu. Au chukua samaki kibua, choma, kamulia ndimu, ule na ugali.

Linalonitia hofu hasa ni watoto. Mtoto anasikia mama yake akiombea radhi muhogo mbele ya mgeni, kesho anasukuma sahani. Hajaambiwa na mtu kwamba ni chakula cha shida, amejifunza kwenye aibu yetu. Jamani, tuwaite jikoni wakune, watwange, waonje mchuzi kabla haujakolea.

Na mchunga, ile mboga ya majani machungu, tafadhali, msiumwage maji ya kuchemshia mara tatu. Mara moja inatosha. Ule uchungu unaobaki, ukikutana na tui, ndio mchunga wenyewe.