Mshumaa wa nta ushindane bei na wa dukani?

Jirani yangu wa Magomeni, hapa Mtwara, anatengeneza mishumaa ya nta ya nyuki. Masega anayapata kwa warina asali wa upande wa Liwale na Nachingwea, yakishakamuliwa asali. Anayachemsha kwenye maji, anachuja kwa kipande cha kanga chakavu, nta ikiganda juu anaitoa, anaiyeyusha tena na kuimimina kwenye kalibu za bomba la plastiki. Alianza kuuza mmoja shilingi 1,500. Wateja wakawa wanamwambia neno moja: "Dada, mbona kwa Mangi dukani ni 500?"

Akaja kuniuliza kama ashushe hadi 1,000. Nimelifikiria jambo hili kwa wiki kadhaa, maana haliko kwake peke yake. Wanaosuka ukili, wanaotengeneza sabuni za mafuta ya nazi, wanaokaanga korosho majumbani, wote wanakutana na Mangi wao.

Wanaomshauri ashushe wana hoja nzito, na sitaki kuipita juu juu. Mtaji wake ni mdogo. Mshumaa unaokaa kwenye rafu ni pesa iliyolala, na pesa iliyolala hainunui masega mengine wala hailipi ada ya mtoto. Ukiuza kumi kwa faida ndogo leo, kesho unanunua nta tena na mzunguko unaendelea. Wanaongeza kwamba mteja wa Mtwara si mkaidi. Pesa yenyewe huku ina msimu: minada ya korosho ikianza Oktoba mifuko inajaa, ikifika masika kila mtu anahesabu mia mia. Ukimwekea bei asiyoiweza atakupita kwa adabu na hatarudi.

Nilikuwa karibu kukubaliana nao mpaka tulipofungua daftari lake.

Kilo moja ya nta safi anaipata kwa 12,000. Ndani yake anatoa mishumaa 9 ya gramu 100, kwa sababu kiasi kinabaki kwenye sufuria na kwenye kitambaa. Hapo nta ya mshumaa mmoja ni kama 1,333. Yeye alikuwa akiishia hapo: 1,500 toa 1,333, faida 167, alhamdulillahi. Tukaongeza uzi wa pamba wa utambi, 100. Mkaa, 150. Karatasi na kamba ya kufungia, 150. Tayari ni 1,733, na bado mikono yake haijalipwa. Mishumaa 18 inamla nusu siku. Angekuwa kibarua kwa mtu angetaka 4,000 kwa nusu siku hiyo, kwa hiyo kila mshumaa umebeba 222 ya jasho lake. Jumla 1,955. Kila aliyenunua kwa 1,500 aliondoka na shilingi 455 zake. Kushusha hadi 1,000 kungekuwa kuzidisha sadaka kwa watu wasioiomba.

Sasa upande wa pili nao, wale wanaosema apandishe, wana neno lao wanalolipenda: "Waambie wahesabu saa, wa kwako unadumu." Hili nililiamini mimi mwenyewe. Tukanunua mshumaa wa dukani wa 500, tukaupima kwa mizani ya jikoni, gramu 40. Tukauwasha kibarazani pamoja na wake, kila mmoja ndani ya kopo ili upepo wa bahari usituharibie kazi. Wa dukani ulikwisha baada ya saa nne na nusu. Wa nta tuliuzima na kuuwasha tena usiku wa pili na wa tatu, ukafika kama saa 16.

Gawanya. Wa dukani unakula kama shilingi 111 kwa saa. Wa nta ukiuzwa 1,500 unakula 94, kwa hiyo kweli ni rahisi zaidi, lakini hiyo ndiyo bei inayomfilisi. Ukiuzwa 2,500, bei inayomwachia kitu, unafika 156. Hoja ya saa ni kweli pale tu muuzaji anapopata hasara. Anayeitumia kutetea bei ya juu atakutana siku moja na mteja anayejua kugawanya, na ataaibika.

Mimi hapo ndipo nilipoacha kuutazama mshumaa wa dukani kama mshindani wake. Ule umetengenezwa kwa parafini, zao la mafuta ghafi, unamiminwa na mashine kwa maelfu, na kazi yake ni kutoa mwanga umeme ukikatika. Kwa kazi hiyo unatosha. Na hata huo unasukumwa pembeni, maana umeme ukikatika siku hizi mtu anawasha tochi ya simu au taa ya sola. Kumshindanisha dada yangu kwenye mwanga ni kumpeleka kwenye soko linalokauka, tena na mzigo wa nta ya 12,000 kichwani.

Anachouza yeye ni kingine: harufu ya asali inayobaki chumbani, mwali wa manjano uliotulia, kitu cha kumpelekea bi harusi. Lakini lazima kionekane, na huku Kusini hatuhitaji kufundishwa hilo na mtu wa mbali. Wachonga vinyago wa Kimakonde wamepigana vita hii miaka mingi. Kuna kinyago cha mpingo, na kuna cha mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu mpaka ukang'aa. Mteja asiyejua analipa vyote bei ya kile cha rangi. Fundi anayejua biashara humpa mteja kinyago akibebe, ausikie uzito. Akibisha, kipande cha mpingo kinatumbukizwa kwenye ndoo, kinazama.

Mshumaa wa nta hauna ndoo ya kuzamia. Una kibaya zaidi: ukikaa wiki kadhaa unatoa vumbi jeupe juu, kama ukungu, na wateja wawili walishamrudishia wakisema umeoza. Ile ni tabia ya nta ya nyuki, parafini haina. Ukifuta kwa kitambaa laini inatoka. Nilimwambia asiifute kwenye mshumaa mmoja wa mfano, auweke mbele, na mteja akiuliza amfutie hapo hapo. Uchafu ule ndio cheti chake.

Haki itendeke pia kwa wanaolalamika. Mishumaa yake ya kwanza ilikuwa mibaya. Nta ya nyuki inataka utambi mnene kuliko parafini; yeye aliweka mwembamba, mwali ukawa unazama kwenye nta iliyoyeyuka na kujizimia. Kazi ya mkono isiyowaka haina haki ya kudai 2,500, hata kama imetoka jasho. Alibadilisha, akasuka nyuzi tatu, sasa inawaka. Na ushauri wa kuchanganya nta na parafini ili ashushe bei siukatai, mradi auite mchanganyiko. Asiyesema ni sawa na anayetia sukari guru kwenye asali.

Kuna jambo moja linalompa nguvu ya kusubiri. Mwaka 2018 wakulima wa korosho walikataa bei za minada, na Novemba serikali ikatangaza kununua kwa 3,300 kwa kilo. Walithubutu kwa sababu korosho inakaa ghalani. Nta nayo haiozi, inakaa miaka. Yeye hana serikali ya kumnunulia, ila hana pia sababu ya kuuza kwa woga kama mwenye nyanya saa kumi na mbili jioni.

Kwa mwenye mfuko mwembamba dawa ni kipimo. Sukari tunanunua robo, mafuta tunapimiwa kidogo kidogo. Mshumaa wa gramu 25 kwa 700 unaingia mkono wowote bila kuvunja bei ya mkubwa. Huo mdogo ndio nadhani utatoka parokiani wakati wa Mkesha wa Pasaka, ambapo waumini hushika mishumaa na Mbiu ya Pasaka, wimbo unaoimbwa usiku huo, yenyewe inawataja nyuki. Kazi ya kwenda kuongea na mapadre bado hajaianza.

Wiki iliyopita duka moja la Mikindani, linalouzia wageni, limeomba mishumaa 30 kwa mali kauli, yaani walipe wakishauza, wao wakate robo ya bei. Tukarudi kwenye daftari. Kwa 2,500 angebakiwa na 1,875, chini ya gharama. Kwa 3,000 anabakiwa na 2,250. Nilitaka kibarazani kwake auze kwa 2,500, akakataa: mgeni akitembea kutoka Mikindani akaikuta kwake kwa bei ya chini, duka halitachukua tena. Ameandika 3,000 kotekote, kwa kalamu ya wino mzito, na Alhamisi mzigo unaondoka.