Risasi Nazo Zina Daftari?

Binamu yangu katuma kwenye kundi la familia picha ya duka linaloungua wakati wa maandamano, chini yake kaandika: "Hawa dawa yao ni risasi tu, hakuna kubembelezana." Mashangazi wakamwaga dole gumba. Aliyewahi wa kwanza ni yule anayetutumia sala kila alfajiri.

Nianze kwa kumpa binamu haki yake, ingawa roho inauma. Anayemwaga petroli kwenye nyumba yenye watu si mwandamanaji, na askari anaweza kumpiga risasi kama hakuna njia nyingine ya kuwaokoa waliomo. Askari naye si jiwe, ana watoto wanaomsubiri. Haya, hilo limeisha.

Ninachouliza ni kimoja. Moshi ukishatulia, risasi iliyomlaza huyu hapa imetoka kwenye bunduki ya nani?

Chukua Marikana, Afrika Kusini, Agosti 2012. Wachimba madini wamegoma, wengine wameshika mikuki na mapanga, na katika siku chache tu watu 10 walikuwa wameshauawa, wakiwemo polisi 2 na walinzi 2. Haikuwa sherehe ile. Tarehe 16 polisi wakaua 34. Dunia iliona wale wa kwanza wakianguka mbele ya kamera. Wengine 17 walipigwa muda mfupi baadaye, kule kwenye majabali, kamera hazipo. Tume ya Jaji Ian Farlam ikaja kuchunguza, ikakutana na bunduki za polisi aina ya R5, ambazo risasi yake huvunjikavunjika ikishaingia mwilini. Vipande vile utavioanisha na bunduki ipi? Yaani maiti ipo, risasi ipo, mpigaji hayupo.

Niliwahi kuwa mtunza stoo. Siku moja kufuli moja halikuonekana. Niliandika maelezo kurasa mbili, nikaitwa ofisini mara tatu, na mwisho wa mwezi nikakatwa mshahara. Kufuli, jamani! Halijawahi kumuua mtu. Halafu linatoka kundi zima la askari na bunduki, wanarudi magazini za risasi zikiwa nyepesi, na tunasomewa taarifa kwamba "nguvu ya wastani ilitumika". Wastani wa nini, kama hakuna aliyehesabu?

Na si kwamba sheria haipo. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zinasema bunduki ni kwa tishio la kifo au jeraha baya, hata umati ukiwa na fujo. Duka halimo. Ila kifungu ninachokipenda mimi hakina mbwembwe, ni cha kikarani kabisa: askari awajibike kwa silaha na risasi alizokabidhiwa. Katoka na ngapi, karudi na ngapi, basi.

Mtaniambia kuna risasi za mpira. Ireland ya Kaskazini zile za mpira na za plastiki ziliua watu 17, watoto wakiwemo. Risasi hewani? Nazo hushuka.

Nimemjibu binamu: sawa, mimi na wewe tumeelewana, ila kila askari asaini daftari akitoka na akirudi, na daftari lisomwe hadharani. Alama mbili za bluu zimetokea tangu mchana. Hajajibu. Shangazi katuma sala ya jioni.