Uliyesoma naye anakusalimu sikukuu tu: kosa liko wapi?

Kila sikukuu inapokaribia lawama huwa ileile: fulani tulikaa naye dawati moja sekondari, mwaka mzima yuko kimya, leo ndiyo anakumbuka kuniandikia. Wapo wanaosema salamu ya namna hiyo ni unafiki, bora watu wapotezane moja kwa moja. Lawama hii ina msingi, ila mara nyingi humwangukia asiyestahili.

Msingi wake ni huu. Katika miaka ya 1970 mwanasosholojia wa Marekani, Phillip Kunz, aliwatumia kadi za Krismasi watu karibu 600 ambao hakuwajua wala hawakumjua. Takriban mmoja kati ya watano alimjibu, na wengine wakamwandikia barua ndefu za habari za familia. Anayezidharau salamu za sikukuu hawezi kupata ushahidi mzuri kuliko huo: kama mtu humjibu hata asiyemjua, basi "nawe pia" ya mliyemaliza naye shule haithibitishi urafiki wowote. Kuna na suala la muda. Robin Dunbar, mtafiti wa mahusiano ya watu, amekadiria kwamba kama asilimia 40 ya muda na nguvu tunazotumia kwa watu huenda kwa watano tu walio karibu zaidi nasi. Darasa zima likija kudai fungu lake, nani apunguziwe? Halafu ipo ile salamu yenye mkia: leo heri ya sikukuu, kesho ombi la mkopo.

Yote hayo ni kweli. Lakini yanaipima salamu ya mwaka kama urafiki wa kila siku, na haikukusudiwa kuwa hivyo.

Takwimu inayostahili kutafakariwa ni ya mwanasosholojia Mark Granovetter, katika makala yake ya mwaka 1973 kuhusu nguvu ya mahusiano hafifu. Hoja kuu, kwamba habari mpya mara nyingi huletwa na watu tusio karibu nao sana, inafahamika; namba zake ndizo hupitwa haraka. Aliwahoji watu wa kazi za kitaalamu na uongozi, wakazi wa kitongoji cha Boston, waliokuwa wamebadili kazi karibuni. Waliopata habari za kazi hiyo kupitia mtu wanayemjua aliwauliza: wakati ule mlikuwa mkionana mara ngapi? Asilimia 16.7 walikuwa wakionana na mtu huyo angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walikuwa katikati. Asilimia 27.8 walikuwa wakionana naye mara moja kwa mwaka au pungufu ya hapo. Yaani mtu wa mara moja kwa mwaka, huyuhuyu anayeitwa mnafiki, alileta habari kuliko yule wa kila wiki.

Waliohesabiwa ni 54 tu, kwa hiyo tunazungumzia watu 15 dhidi ya 9, na si busara kuzipigia ngoma namba hizo. Hata hivyo sababu inayozieleza ina mashiko. Rafiki wa kila wiki anajua unachokijua, kwa kuwa mnakaa kwenye mazungumzo yaleyale. Uliyeachana naye baada ya mtihani wa mwisho, yeye akaenda uuguzi na wewe uhasibu, amekuwa miaka yote akisikia mambo yasiyofika kwako. Granovetter aliandika pia kwamba mara nyingi mleta habari alikuwa rafiki wa zamani wa chuo au mfanyakazi mwenza wa zamani, ambaye mawasiliano naye yaliendelea kwa nadra. Kwa nadra, lakini yaliendelea.

Je, kimya kikizidi? Sam Roberts na Dunbar waliwafuatilia vijana 30 kwa miezi 18, tangu mwisho wa sekondari hadi kazini au chuoni. Ukaribu na ndugu haukutetereka. Ukaribu na marafiki ulipoa pale mawasiliano yalipopungua. Kwa upande mwingine mtafiti Daniel Levin na wenzake, mwaka 2011, waliwaomba mameneja wawatafute watu ambao hawakuwa wamewasiliana nao kwa miaka mitatu au zaidi na kuwaomba ushauri wa kazi. Ushauri ulifaa, na imani ya zamani ilikuwa bado ipo. Ukiyaweka pamoja utaona kwamba ukaribu hupoa haraka na imani hukawia. Salamu ya mwaka hairudishi ukaribu, inahakikisha tu kwamba siku ya haja mtu anapatikana na hashtuki kuona jina lako.

Wa kulaumiwa ni ujumbe wa jumla. Kwenye WhatsApp unaweza kutuma ujumbe mmoja kwa orodha ya hadi watu 256, lakini humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Uliopotezana nao zaidi, ambao ndio uliotaka kuwafikia, hawaupati. Ile picha ya maua na mishumaa, yenye alama kwamba imesambazwa mara nyingi, humwambia mpokeaji kwamba hukumfikiria hata sekunde moja. Na kwenye kundi la darasa, swali lililoulizwa kwa watu 40 halimgusi yeyote, kila mmoja anangoja mwenzake ajibu.

Ujumbe unaofanya kazi ni mfupi, maneno 40 hadi 60. Taja jina lako na mwaka mliomaliza, kwa kuwa namba hubadilika na huenda jina lako halitokei kwake. Weka jambo moja linalomhusu yeye peke yake, habari yako moja, na swali la kujibika kwa sentensi moja. "Habari za siku nyingi?" haijibiki, "bado unafundisha?" inajibika. Watu 20 kwa dakika tatu kila mmoja ni saa moja kwa mwaka, na hapo hoja ya muda inapungua makali. Usitume siku yenyewe. Utafiti wa Peggy Liu na wenzake wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba anayetafutwa hufurahi kuliko mtafutaji anavyodhani, hasa asipotarajia, na katikati ya mafuriko ya salamu hakuna kisichotarajiwa. Siku tatu nne baadaye panafaa zaidi. Kwa wenzako Waislamu, Idi huja mapema zaidi kwa siku 10 au 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida, hivyo kengele ya simu uliyoiweka mwaka jana haitakusaidia.

Ukiwa na ombi, lipeleke siku nyingine, peke yake na waziwazi. Kabla ya kutuma, muulize anayefuatilia habari za darasa kama kuna aliyefariki. Kampuni za simu hugawa upya namba zilizoachwa, na jibu la mgeni kutoka namba ya marehemu huumiza.

Wako pia ambao kwao shule ilikuwa mateso, na kimya chao ni uamuzi. Kwa hao hata kumbukumbu unayoiona tamu inaweza kuwa chungu. Waandikie kwa jina lao halisi, si la utani, uliza ya sasa, na wasipojibu usirudie mwakani.