Mwambieni kabla hajameza kidonge cha kwanza

Nimetumiwa tena ile sauti ya WhatsApp inayodai kwamba ARV zinaleta saratani. Jamaa anaapa: ndugu yake aliingia kliniki na baka moja mguuni, akaanza vidonge, mwezi haujaisha mabaka yamemjaa mwili mzima.

Ni uongo, tena uongo unaoua. Ila alichokiona huyo jamaa hakukiota.

Mabaka hayo ni ya Sakoma ya Kaposi, saratani inayoletwa na kirusi kingine kabisa, si VVU: HHV-8, kilichogunduliwa mwaka 1994, na kwa kawaida mtu anakuwa nacho kabla hata hajasikia habari za ARV. Kinga ikiwa imelala, mwili haupigani na chochote. ARV zikianza kazi, kinga inazinduka kama mwenye nyumba aliyekuta wezi sebuleni: anapiga huku na huku, na vyombo vyake mwenyewe vinavunjika. Ndipo, mara nyingi ndani ya miezi 3 ya mwanzo, mabaka ya zambarau yanaongezeka, mguu unajaa mpaka kiatu hakiingii, na saratani ikiwa mapafuni mtu anaweza hata kukohoa damu. Kumbe majibu ya maabara yanasema VVU vinashuka. Eti anaendelea vizuri, na kutembea hawezi!

Hasira zangu haziko kwa huyo jamaa. Ziko kwa aliyekaa na mgonjwa siku ya kuanza dawa, akamweleza kichefuchefu, akamweleza ndoto mbaya, akamkazia asiruke dozi, halafu hili akalimeza "asije akaogopa". Ahsante sana. Sasa anaogopea nyumbani, usiku, peke yake, na kopo la vidonge mkononi. Mlitegemea afanye nini? Anaacha dawa, VVU vinapanda upya, na saratani haina wa kuizuia.

Maneno yenyewe si mengi: "Kuna wachache ambao mwanzoni hali inachafuka. Ukiona baka jipya, ukivimba au pumzi ikibana, njoo siku hiyohiyo, na vidonge usiache." Basi.

Haya, nakubali: wengi wanaoanza ARV hayawapati haya, na wapo wenye mabaka machache yanayofifia kwa ARV peke yake. Lakini ambaye yamesambaa anahitaji kemo, yaani dawa za kuua saratani, sambamba na ARV, na hatajulikana kama hakuna aliyemwambia afunue mdomo. Tochi ya simu inatosha kuona baka kwenye kaakaa.

Halafu kuna prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga. TB ikichachamaa baada ya kuanza ARV, inasaidia. Kwa Kaposi inaweza kuichochea saratani yenyewe, hata kuhatarisha maisha. Na Kaposi ya mapafu inafanana na TB vizuri tu: kikohozi, homa, picha ya kifua yenye madoa. Kwa hiyo daktari, kabla hujaiandika, mmulike kinywani. Na soksi mvue, zote mbili.