Usambara Mashariki: Msitu Unalindwa kwa Gharama ya Nani?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ya Tanzania iliamua kuunganisha, katika milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, misitu ya Amani na ile iliyo kaskazini yake kwa ukanda mmoja, Derema, wenye hekta zipatazo 960. Ukanda huo haukuwa pori tupu. Chini ya miti mikubwa kulikuwa na mashamba ya iliki ya wakulima zaidi ya elfu moja, nao wakatakiwa kuyaacha na kulipwa fidia. Fidia ikachelewa, viwango vyake vikazua malalamiko, na tangu hapo Derema hutajwa na pande zote mbili: wahifadhi wakiisifu kama msitu uliookolewa, watetezi wa wakulima wakiitaja kama ardhi iliyochukuliwa kwa wasio na sauti.

Hoja ya wahifadhi inaanzia kwenye mwamba, na ni nzito kuliko inavyoelezwa kwenye semina. Usambara haikutokana na volkano kama Kilimanjaro, ambao kijiolojia ni mlima mchanga. Ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapita Upare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa na Mahenge. Miamba yake ilipikwa na kugandamizwa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Milima yenyewe iliinuka baadaye sana, mapande makubwa ya ardhi yakipanda na mengine yakishuka kufuata mipasuko. Kwa kuwa inatazama Bahari ya Hindi, iliendelea kupata mvua hata katika zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu ikarudi nyuma. Mimea na wanyama waliokwama humo wamekua kivyao, na wengi hawapatikani kwingine kokote duniani.

Ua la Saintpaulia, ambalo Wazungu hulipanda kwenye vyungu madirishani, lina asili yake kwenye miamba yenye kivuli ya huku. Afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mbegu kwao mwaka 1892 na ua likabeba jina lake. Waliokuwa wakipishana nalo kila siku njiani hawakuulizwa wao wanaliitaje.

Ukongwe huo una ubaya wake. Amani hupata mvua ya milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka, na udongo wa mwamba mzee namna hiyo umekwisha kuchujwa virutubisho. Ustawi unaoonekana unatokana na majani yanayooza na kunyonywa tena na mizizi papo hapo. Wajerumani walilijua hilo kwa hasara: walifyeka msitu wapande kahawa, na kahawa ikawadodea.

Iliki nayo hudanganya macho. Mkulima hukata vichaka na miche ya chini, akaacha miti mikubwa itoe kivuli, na ukitazama kwa mbali unaona msitu mzima. Lakini ni msitu usio na watoto. Mti mkubwa ukianguka hakuna wa kuchukua nafasi yake, na baada ya miaka kadhaa mavuno ya iliki yenyewe hupungua, shamba likageuzwa la mazao mengine. Wahifadhi wanaposema kilimo hicho hakiwezi kuendelea ndani ya msitu, sioni pa kuwapinga.

Ninapowapinga ni pale wanapoisimulia historia kana kwamba mwanakijiji ndiye adui wa siku zote. Watu wamelima na kufua chuma kwenye milima hii tangu karne za mwanzo baada ya Kristo. Utawala wa Wakilindi, ukoo wa wafalme wa Wasambaa, uliokuwa na makao yake Vuga, ulifikia kilele kwa Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, na Wajerumani walipofika bado walikuta misitu mikubwa. Ukataji mkubwa ulikuja na mashamba ya walowezi, kisha chai, ambayo haiachi mti wa asili umesimama. Wengi wa waliokuja kulima iliki wana asili ya vibarua walioletwa na mashamba hayohayo kutoka mikoa mingine. Hata baada ya uhuru, miaka ya 1970 na 1980, magogo yalivunwa kwa mitambo kwa msaada wa Finland. Kelele zilipozidi, uvunaji ukasimamishwa, na msaada wa Finland ukahamia kwenye uhifadhi. Kwenye mapengo ya magogo ukasambaa mti mgeni, Maesopsis eminii, ulioletwa na wataalamu. Huo haukutakiwa kuhama.

Upande wa pili wa milima, Usambara Magharibi, Waingereza walianza mwaka 1946 kuwalazimisha wakulima kujenga matuta kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Mpango ulikufa mwaka 1957 kwa upinzani wa wananchi, kwa sababu mzigo, hasa wa wanawake, ulikuwa mkubwa na faida haikuonekana shambani mwao. Utaalamu sahihi uliangushwa na swali la nani anabeba.

Swali hilo ndilo limebaki Derema. Msitu huu ndio chanzo cha mto Zigi, na Zigi ndio maji ya jiji la Tanga. Mwaka 2024 mamlaka ya maji, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo kwa mradi wenye manufaa kwa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, muda wa miaka 10. Mwenye hatifungani anajua tarehe yake ya kulipwa. Wakulima wa juu wana umoja wao wa uhifadhi, UWAMAKIZI, unaosaidiwa miche na mafunzo. Ni jambo jema, lakini miche haidaiwi mahakamani.

Kwa hiyo naafiki ukanda ubaki msitu, ila sehemu ya bili ya maji ipande mlimani kwa mkataba, kila mwaka, kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Atakayesema bili itamuumiza maskini wa Tanga ana haki. Aanze kutozwa mwenye kiwanda. Na ukanda mwingine usichorwe kwenye ramani kabla mkataba huo haujasainiwa.