Eka kumi za Missouri, eka mbili za babu

Wakenya wawili wakikutana huku Marekani, mazungumzo hayachelewi kufika shambani. Mtu kachoshwa na zamu za usiku, anataka eka zake, kuku, kisima na sola juu ya paa, asimtegemee yeyote. Nami ni mgonjwa wa ugonjwa huo. Mwezi Mei mwaka jana nilikwenda kukagua eka kumi katika kaunti moja ya vilima vya Ozark, kusini mwa Missouri, na nilianza na udongo, kama mtoto yeyote wa mkulima.

Jembe liligonga mawe. Mzee wa shamba jirani alicheka, akaniambia hata bwawa nisijaribu: chini ni mwamba wa chokaa uliojaa mapango, maji hunywewa yote. Labda nilipie mashine ichimbe kisima kirefu. Tena huko majira ya baridi hulaza shamba miezi mitano hivi, mifugo ikila majani makavu ya akiba. Kwetu tunalalamika vuli ikichelewa, lakini ardhi haigandi.

Kilichonivutia ni uhuru wa kujenga. Kaunti nyingi za mashambani Missouri hazina kanuni za ujenzi. Maji taka tu ndiyo yana masharti yake.

Kisha nikaingia ofisi ya kodi ya kaunti, na hapo ndipo ningepaswa kuanzia. Missouri haitozi ardhi peke yake. Gari, trekta, hata ng'ombe ulio nao tarehe 1 Januari huandikwa, na bili inatakiwa ilipwe kabla ya mwaka kwisha. Deni la kodi ya ardhi likilala, shamba hupigwa mnada, Jumatatu ya nne ya Agosti. Si pesa nyingi, sikatai. Ila ni pesa, nao hawapokei mayai. Kwa hiyo anayejitegemea bado lazima awe na kibarua mahali.

Eka mbili za babu yangu hazijawahi kudaiwa hata shilingi. Miaka ya ukame tulikosa chakula, shamba hatukulikosa. Msidhani nasifia tu, maana hati bado ina jina la babu, naye amezikwa humo humo. Baba na ndugu zake ni saba. Ukigawa, kila mmoja anabaki na pa kufunga mbuzi. Na atakayetaka kuuza atapita bodi ya udhibiti wa ardhi, ambako mke na watoto huulizwa kama wameridhia. Zamani niliona huo ni usumbufu. Siku hizi naona umeokoa nyumba nyingi.

Tena nyumbani hatukujitegemea kamwe. Chumvi ikiisha tuliagizwa kwa jirani. Ng'ombe akishindwa kuzaa usiku, wanaume watatu walikuja na taa bila kuitwa mara mbili. Yule mzee wa Ozark aliniambia wageni wanaokuja kuishi peke yao huhama baada ya baridi ya pili.

Sijanunua. Nitarudi kuzitazama eka zile Februari, barafu ikiwa chini, na nitapitia kwake kwanza.