Kobla ya Zambarau Iliyoliwa kwa Ugali

Napenda ieleweke tangu mwanzo, kabla maneno ya mtaani hayajapewa uzito usiostahili, kwamba siagi niliiyeyusha vizuri, unga niliupima vizuri, na makaa niliyapalia kwa ustadi ambao hata mwoka mikate wa kazi yake angeuheshimu. Yaliyofuata hapo nyumbani kwetu Mikindani, mbele ya mama mkwe wangu aliyeshuka kutoka Newala kwa heshima zake zote, yana mwenyewe, na mwenyewe huyo anauza duka lenye dirisha la nondo si mbali na barabara, wala simtaji.

Mama mkwe hushuka mjini msimu wa korosho, akishalipwa fedha zake za mnada, ili aone wajukuu na kuhakikisha kwamba binti yake hajakonda. Safari hiyo alituma ujumbe kwamba angefika Jumamosi mchana. Mama watoto alikuwa amepanga kumpikia wali wa nazi na changu, halafu amshangaze kwa kitu kitamu cha Kimarekani alichokiona kwenye simu, kiitwacho kobla. Alfajiri ya Jumamosi akaitwa msibani Naliendele. Akajifunga khanga, akaniambia wali na samaki binti yetu ataviweza, na kobla niiache, atakuja kuipika siku nyingine. Sikuona sababu ya kuiacha. Mikindani ni mji uliozoea mambo ya wageni: Livingstone alipita hapa mwaka 1866 akielekea bara, Wajerumani wakajenga boma lao mwaka 1895, na hakuna aliyetushinda kwa ugeni wake. Nikaona chakula kimoja cha Marekani hakiwezi kunitoa jasho.

Kobla, kwa msomaji ambaye hajakutana nayo, ni matunda yanayookwa pamoja na rojo la unga, na sifa yake kubwa ni uvivu. Kikombe kimoja cha unga wa ngano, kimoja cha sukari, kimoja cha maziwa, vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda na chumvi kidogo hukorogwa katika bakuli moja. Nusu kikombe cha siagi huyeyushwa katika chombo cha kuokea, rojo likamiminwa juu ya siagi, matunda yakamwagwa juu ya rojo, kisha mpishi anakatazwa kabisa kukoroga. Katika joto la nyuzi 180 rojo huumuka lenyewe, hupanda na kuyameza matunda, na baada ya dakika 45 hadi saa moja juu panakuwa pa kahawia na chini matunda yameiva katika maji yake matamu. Chakula ambacho ukikigusa unakiharibu, nikajiambia, kimeumbwa kwa ajili ya wanaume.

Wamarekani hutumia matunda madogo meusi na ya buluu yanayoota katika vichaka vya nchi za baridi, ambayo kwetu tunayaona kwenye picha za pakiti za mtindi tu. Lakini ilikuwa Desemba, zambarau zimeiva, na jirani yetu ana mzambarau unaoangusha matunda yake uani kwetu bila kuombwa. Ni tunda jeusi, kali kidogo, lenye juisi ya rangi ambayo ikiingia katika shati unalivaa shambani maisha yako yote. Tatizo lake ni kokwa. Niliwakalisha wanangu wadogo na mpwa wangu kwenye jamvi, nikawapa beseni lililojaa zambarau na kazi ya kuzitoa kokwa. Niliporudi, nyama ya zambarau katika bakuli ilikuwa kiasi cha vikombe viwili, na kokwa zilikuwa lundo. Nikauliza nani amekula. Wote watatu wakaapa kwamba hawajaonja hata moja, na kila aliyefungua kinywa kuapa alinionyesha ulimi mweusi hadi kwenye mzizi.

Jambo hilo nililisamehe, kwa sababu lililokuwa likinisumbua lilikuwa bekingi pauda, ambayo nyumbani haikuwepo. Nikamwandikia mpwa wangu karatasi yenye maneno hayo mawili kwa herufi kubwa, nikamkabidhi fedha na kumwonya asipitie mpirani. Alirudi mapema kuliko nilivyotarajia, akiwa na kifurushi kilichoviringwa katika kipande cha gazeti.

“Mjomba, Mangi amesema ile ya kopo imekwisha, lakini hii ni vilevile.”

Nikafungua. Ulikuwa unga mweupe, laini, usio na harufu. Sasa naomba wenye haki wanisaidie: bekingi pauda nayo ni unga mweupe, laini, usio na harufu. Mwanadamu angejuaje? Mapishi yalitaka vijiko viwili vya chai, lakini mgeni wa hadhi ya mama mkwe hapimiwi kwa kijiko cha chai, kwa hiyo nilitumia kijiko cha chakula, tena cha mlima, na jambo hilo wala si hoja ya msingi katika malalamiko yangu.

Oveni hatuna. Gesi inachimbwa Mnazi Bay, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na tangu mwaka 2015 kuna bomba linaloipeleka hadi Dar es Salaam, lakini uani kwangu bado ni jiko la mkaa na upepeo wa ukili. Hili halikunivunja moyo, kwa maana nilikuwa nimesoma kwamba walowezi wa Marekani waliokuwa wakihamia magharibi katika karne ya 19 hawakuwa na oveni pia, na kobla zao walizioka katika vyungu vizito vya chuma, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Yaani walikuwa wakipalia, kama bibi zetu. Nikatandaza mchanga katika sufuria kubwa, nikaweka ndogo yenye kobla ndani yake, nikafunika na kupanga makaa mekundu juu ya mfuniko, nikaketi kwenye kigoda kwa utulivu wa mtu anayejua anachokifanya.

Haukupita muda mfuniko ukapumua. Sina neno lingine la kueleza. Ukainuka upande mmoja, ukatoa mvuke, ukarudi, kisha ukainuka tena juu zaidi, na makaa mawili yakateleza hadi miguuni kwangu. Katika ukingo likachungulia povu zito, la buluu, likichuruzika na kulia juu ya moto. Upepo wa kaskazi nao ukachukua nafasi hiyo kupuliza majivu kuelekea kwenye kamba ya nguo. Nililitafsiri tukio lile kuwa dalili ya mafanikio: mapishi yalisema rojo litapanda, na mbele ya macho yangu rojo lilikuwa likipanda. Nilichofanya ni kulipa nidhamu. Nikachukua jiwe tunalotwangia pilipili, nikaliweka katikati ya makaa juu ya mfuniko, nalo likatulia.

Mama mkwe alifika, akakaribishwa, akala wali na changu, akamsifu mjukuu wake. Ndipo nikaileta kobla mwenyewe, nikaiweka kwenye mkeka mbele yake. Kwa juu ilikuwa imekolea rangi ya kahawia, imepasukapasuka inavyotakiwa, inanukia siagi, na watoto wakasogea. Nikachota kwa upawa.

Kilichotoka kilikuwa cha kijani. Kilikuwa kijani kizito chenye kuelekea buluu, chenye mabaka meusi hapa na pale, na kabla ya kukubali kuingia katika sahani kilivutika kutoka kwenye upawa kwa uzi mwembamba uliochukua muda wake kukatika. Mpwa wangu akasema “Lo!” akapigwa kikumbo na binti yangu. Mimi nikasema “Karibu, mama,” kwa kuwa sikuwa na la kusema zaidi.

Hapa lazima nieleze dhiki niliyokuwa nayo. Nimelelewa katika adabu ya kutomkodolea mkwe macho, hasa anapokula, kwa hiyo hukumu yangu ilinibidi niisikilize badala ya kuitazama. Nikaukazia macho ukili wa mkeka. Nikasikia kijiko kikigusa sahani. Kikanyamaza. Kikakaa kimya kiasi cha mtu kumaliza kusoma shahada, kisha kikagusa sahani tena, polepole, kwa namna ya mtu anayechunguza. Nikaomba ruhusa ya kufuata maji ya kunywa.

Jikoni binti yangu, aliye kidato cha tatu, alikuwa ameshachovya kidole katika lile gazeti na kuonja.

“Baba, hii ni magadi soda.”

Nilitarajia huruma, nikapata kipindi cha kemia. Alinieleza, tena kwa furaha ambayo sikuipenda, kwamba rangi ya zambarau ni kiashiria, sawasawa na ile ya maji ya choya waliyotumia darasani: ikikutana na asidi inakuwa nyekundu, ikikutana na besi inageuka buluu, na besi ikizidi inageuka kijani. Bekingi pauda ni magadi yaliyochanganywa na asidi yake tayari, kwa hiyo vikishapambana vinamalizana. Magadi matupu hutegemea ukali wa matunda, ukali ukishaisha yanayobaki yanabaki, na ladha yake ni ya sabuni. “Lile povu, Baba, ndiyo hewa ya ukaa ilikuwa inatoka!” Akaniomba amwekee mwalimu wake kidogo katika chupa. Nikakataa.

Baadaye nilikuja kusoma pia kwamba kitabu cha mapishi cha akina mama wa Kentucky, kilichochapwa mwaka 1839, kilionya kuwa chakula hiki si cha kuandalia wageni, ingawa ni kizuri sana kwa watu wa nyumbani. Onyo hilo lilinifikia likiwa limechelewa kwa karibu karne mbili.

Nikarudi barazani na maji, nimeshajiandaa kwa lolote.

“Mkwe wangu,” akasema mama mkwe.

“Naam, mama.”

“Hii mboga ni ya huku pwani?”

Nikanyamaza. Naye hakungoja jibu. Akaendelea kusema kwamba mlenda ule umeiva, unavutika vizuri, magadi yamekolea, ijapokuwa majani yake hajayatambua. Kinachomtatiza ni kimoja tu, nani ametia sukari.

Mbele yangu palikuwa na njia mbili, na ya kweli ilikuwa ndefu. “Ni mapishi ya Kimarekani, mama,” nikasema.

“Ahaa.” Akatafakari. “Basi niletee ugali, mwanangu. Mboga hailiwi hivihivi.”

Hapakuwa na ugali. Binti yangu akarudi kwenye jiko, akapuliza makaa yaleyale yaliyoangusha heshima yangu, akasonga ugali huku mabega yakimtikisika. Mama mkwe akanawa upya, akamega tonge, akalibonyeza kwa dole gumba, akachota kobla yangu ya zambarau na kumeza. Akamega la pili. Alipowakaribisha wajukuu, wote watatu waliokuwa wakiililia tangu asubuhi waligundua kwa pamoja kwamba wameshiba. Aliponikaribisha mimi, nilimshukuru Mungu kwa kunijalia kuzaliwa katika watu ambao mkwe na mkwe hawachangii sahani.

Mama watoto alirudi magharibi. Mama yake akamwambia kwamba mumeo amenipikia mboga. Akaenda jikoni, akainua mfuniko, akatazama, akaonja kwa ncha ya kijiko, kisha akatoka hadi nyuma ya nyumba, na kwa muda mrefu tulisikia sauti ambayo mgeni aliidhania kuwa ni ya kilio cha msiba. “Maskini, marehemu walikuwa karibu sana,” akasema. Aliporudi ndani aliniuliza jambo moja tu: siagi yake ya sikukuu iko wapi.

Kesho yake nilikwenda dukani na kile kipande cha gazeti mkononi, nikamsomea mwenye duka shauri lake lote tangu mwanzo, pamoja na ufafanuzi wa asidi na besi. Alinisikiliza hadi mwisho huku akipima sukari ya mteja mwingine.

“Pole sana, mzee,” akasema. “Lakini mgeni si alikula?”

Sikumjibu. Nilinunua sabuni ya kuoshea sufuria nikaondoka.

Jumatatu alfajiri nilimsindikiza mama mkwe hadi stendi. Kabla hajapanda basi la Newala, akageukia kando kidogo kama adabu inavyotaka, akaniambia kwamba akijaliwa kushuka tena atakuja na korosho zilizobanguliwa, nizitwange, niiungie ile mboga yangu, na sukari niiache kabisa, kwa maana inaficha ladha ya magadi.

“Naam, mama,” nikaitikia, nikampandishia mzigo wake.